Kulinda Hati za Familia Dhidi ya Moto: Sefu ya Nyumbani na Mambo ya Kuzingatia

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Thika na Ruiru kuhusu usalama wa nyumbani



Nyumba inapoungua, swali la kwanza la majirani huwa moja: je, watu wote wametoka? Jibu likiwa ndiyo, kila mtu hushukuru Mungu, na blanketi, sufuria na unga huanza kuletwa. Swali la pili huja siku chache baadaye, familia ikishapata pa kulala. Mtoto anatakiwa kusajiliwa shuleni na cheti cha kuzaliwa hakipo. Kijana ameitwa kazini na vyeti vyake vya shule vimekuwa majivu. Baba anataka kutoa pesa benki na kitambulisho kimeungua. Mama anaulizwa stakabadhi za ploti aliyoilipia kwa miaka sita, naye hana hata karatasi moja ya kuonyesha.

Kitanda kilichoungua hununuliwa kingine. Karatasi iliyoungua, wakati mwingine, hainunuliwi popote. Ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka huduma za zima moto na udhibiti wa majanga mikononi mwa serikali za kaunti. Lakini gari la zima moto huja baada ya moto kuanza. Kilichomo ndani ya kabati la chumba cha kulala, katika dakika zile za kwanza, hulindwa na maandalizi ya mwenye nyumba peke yake. Mazungumzo haya yanahusu maandalizi hayo: sefu ya nyumbani ni nini, ipi inafaa na ipi haifai, nini kiwekwe ndani yake, na asiyeweza kuinunua afanye nini.

Uhai kwanza, karatasi baadaye

Kabla ya yote, jambo moja lieleweke vizuri. Hakuna hati inayostahili mtu kurudi ndani ya nyumba inayowaka. Moshi huua kabla ya ndimi za moto kufika. Chumba kilichojaa moshi humfanya mtu apoteze fahamu kwa muda mfupi sana, naye aliyeingia kuchukua bahasha huenda asitoke tena.

Hii ndiyo faida kubwa ya kwanza ya kuwa na mpango wa hati. Mwenye nyumba anayejua kwamba karatasi zake ziko ndani ya sefu nzuri, au kwamba nakala zake ziko kwa ndugu mtaa mwingine, hutoka nje na watoto wake bila kugeuka nyuma. Asiyekuwa na mpango ndiye hushawishika kurudi. Kwa hiyo maandalizi ya hati yanalinda karatasi, na yanamlinda mwenye karatasi pia.

Moto ukizuka, watu watoke, majirani waarifiwe, na simu ipigwe kwa nambari ya dharura 999 au 112. Mengine yote yatafuata.

Sanduku la bati si sefu

Nyumba nyingi za Makongeni, Kiganjo, Kiandutu, Kihunguro na Githurai zina mahali pa hati panapofanana. Kuna sanduku la bati ambalo mtoto alienda nalo shule ya bweni, ambalo sasa liko chini ya kitanda likiwa na kufuli. Kuna mkoba wa mkononi uliotundikwa nyuma ya mlango. Kuna faili ya plastiki juu ya kabati, na wengine huweka hati chini ya godoro.

Mahali hapo panaweza kumzuia mtoto mtundu au panya. Moto haupazuii. Godoro la sponji ni miongoni mwa vitu vinavyowaka upesi na kwa ukali zaidi ndani ya nyumba, na bahasha iliyo chini yake huungua nalo. Sanduku la bati nalo halishiki moto, lakini chuma hupitisha joto haraka. Chumba kinapowaka chote, joto lake hupita nyuzi 600 za Selsiasi. Karatasi huanza kubadilika rangi na kukauka kwa joto la chini sana kuliko hilo, na ikifika karibu nyuzi 230 huweza kushika moto. Ndani ya sanduku la bati, karatasi huokwa kama mkate ndani ya tanuri. Mwenye nyumba hulikuta sanduku lake limesimama, kufuli iko mahali pake, na ndani mna masizi.

Jambo hilohilo linahusu sefu nyingi ndogo zinazouzwa madukani, zenye vitufe vya namba na mlango unaong'aa. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mwizi. Zina bati la chuma la milimita chache na hakuna kitu kingine kati ya chuma na karatasi. Zinafaa kwa kazi hiyo ya kuzuia mwizi, lakini mnunuzi asidhani kwamba amenunua kinga ya moto.

Kuna pia imani kwamba cheti kilichofunikwa kwa plastiki ya kulaminetiwa kiko salama. Plastiki hiyo huzuia maji na uchafu. Kwenye joto la moto, huyeyuka na kuganda juu ya maandishi, na vyeti vilivyopangwa pamoja hushikana vikawa kitu kimoja.

Sefu ya moto hufanyaje kazi?

Sefu iliyotengenezwa kwa ajili ya moto ina kuta mbili za chuma, na katikati yake mna kizuizi cha joto, mara nyingi saruji maalumu au jasi, yaani ile inayotumiwa kutengenezea mbao za dari. Jasi ina maji yaliyofungamana nayo, kiasi cha sehemu moja kwa tano ya uzito wake. Joto likizidi, maji hayo hugeuka mvuke, na kazi hiyo ya kugeuza maji kuwa mvuke hula joto jingi. Ndani ya sefu pabaki na nafuu kwa muda fulani.

Maneno ya kushika hapo ni "kwa muda fulani". Hakuna sefu isiyoshindwa na moto milele. Kila sefu ya kweli hupimwa ndani ya tanuri na kupewa dakika zake: 30, 60, 90 au 120. Katika vipimo vinavyojulikana duniani, tanuri hufikishwa zaidi ya nyuzi 800 kwa kipimo cha nusu saa, na zaidi ya nyuzi 900 kwa kipimo cha saa moja. Kwa sefu ya karatasi, kipimo cha Kimarekani kiitwacho UL 72 hudai kwamba ndani pasizidi nyuzi 177 katika muda huo wote. Ulaya wana vipimo vyao, EN 1047-1 kwa kinga kubwa na EN 15659 kwa kinga nyepesi zaidi.

Mnunuzi hahitaji kuwa mhandisi. Anahitaji kuuliza maswali manne dukani.

La kwanza: je, sefu hii imepimwa kwa moto, na lebo yake iko wapi? Lebo iwe na jina la kipimo na idadi ya dakika. Maneno matupu ya "haishiki moto" hayatoshi.

La pili: imepimwa kwa karatasi au kwa data? Sefu ya karatasi inaruhusiwa kufika nyuzi 177 ndani, na karatasi itabaki ikisomeka. Flashi, diski ya kompyuta au kanda za video zitakuwa zimeharibika zamani. Kwa vitu hivyo kuna kipimo kingine, ambapo ndani hapatakiwi kuzidi nyuzi 66 au hata 52. Sefu za namna hiyo ni ghali na nzito zaidi. Kwa familia nyingi, njia nafuu ya kulinda data ni kuwa na nakala mahali pengine, kama itakavyoelezwa.

La tatu: uzito wake ni kiasi gani na kuta zake zina unene gani? Sefu yenye kizuizi cha kweli ni nzito kuliko inavyoonekana, na ukuta wake ni mnene. Ikiwa mtu mmoja anaibeba kwa mkono mmoja kama mkoba, ipo sababu ya kuuliza tena.

La nne: je, imepimwa kwa kuanguka? Katika baadhi ya vipimo, sefu iliyopashwa moto huangushwa kutoka mita tisa hivi, ili kuona kama itapasuka. Swali hili ni la maana kwa anayeishi ghorofani au kwenye nyumba yenye sakafu ya mbao.

Dakika ngapi zinatosha? Hilo hutegemea nyumba. Chumba kimoja cha mawe chenye vitu vichache huungua na kumaliza upesi. Safu ya nyumba za mbao na mabati huendelea kuwaka kwa muda mrefu, kwa sababu moto hutoka chumba hadi chumba. Barabara ya kuingia mtaani ikiwa nyembamba, au magari yakiwa yameegeshwa pande zote mbili, gari la zima moto nalo huchelewa. Anayeweza kumudu saa moja asijifunge kwa nusu saa.

Mahali pa kuiweka

Sefu nzuri ikiwekwa mahali pabaya hupoteza nusu ya faida yake. Isiwekwe jikoni wala karibu na mtungi wa gesi, uwe wa kilo sita au wa kilo 13. Isiwekwe chini ya ngazi ya mbao. Mahali pazuri ni kwenye sakafu ya saruji, pembeni mwa chumba, kwenye ukuta wa mawe wa nje, mbali na godoro na makochi. Kwa nyumba ya ghorofa, orofa ya chini ni bora, kama ni ya mwenye sefu.

Fundi akitaka kuifunga sakafuni kwa bolti ili mwizi asiibebe, atumie matundu yaliyoachwa na kiwanda. Kutoboa tundu jipya ni kutoboa kizuizi cha joto, na moto utaingia palepale.

Mvuke ule uliotajwa pia una madhara yake. Unaokoa karatasi na joto, lakini unailowesha. Maji ya zima moto nayo hupenya. Kwa hiyo kila hati iwekwe kwanza ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha ndani ya sefu. Hata wakati wa kawaida, baadhi ya sefu hizi huwa na unyevu ndani, na hati zilizofungiwa miezi mingi bila kuguswa huota ukungu. Sefu ifunguliwe mara kwa mara ipate hewa.

Na namba ya siri isijulikane na mtu mmoja tu. Baba akifariki na namba yake, mjane ataita fundi wa kukata chuma wakati wa matanga, na wosia uliokuwa ndani utakuwa umechelewa kusomwa. Watu wawili wanaoaminiana wajue namba au mahali ufunguo wa akiba ulipo. Wosia hasa uwe na nakala kwa wakili.

Nini kiingie kwanza?

Sefu ni ndogo na karatasi za familia ni nyingi. Wengi hutanguliza hatimiliki ya shamba, kwa sababu ndiyo karatasi yenye thamani kubwa. Lakini ipo njia bora ya kuamua. Mwenye nyumba achukue kila karatasi na kujiuliza: hii ina ndugu yake mahali pengine?

Hatimiliki ina ndugu. Umiliki wa ardhi nchini Kenya umo katika rejista ya msajili wa ardhi, na cheti kilicho nyumbani ni ushahidi wa yale yaliyoandikwa huko. Cheti kikiungua, shamba halijaungua. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 33, inatoa njia: mmiliki hutoa tamko la kiapo kwamba cheti kimepotea au kimeharibika, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti mawili yanayosomwa nchi nzima, na baada ya siku 60 msajili anaweza kutoa cheti kingine. Ni safari yenye gharama, na katika muda huo mmiliki hawezi kuuza wala kukopa kwa urahisi. Lakini njia ipo.

Cheti cha kuzaliwa kina ndugu katika ofisi ya usajili wa raia. Kitambulisho kina ndugu katika ofisi ya usajili wa watu. Matokeo ya mtihani wa kitaifa yako kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC. Usajili wa gari uko NTSA. Kila kimoja kina ada yake na foleni yake, lakini kinaweza kurudi.

Sasa zitazamwe karatasi zisizo na ndugu. Baada ya uhuru, sehemu kubwa ya mashamba ya walowezi kuzunguka Ruiru, Juja na Thika ilinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi. Wanachama walipewa vyeti vya hisa, na baadaye karatasi za kura zilizoonyesha ploti ya kila mmoja. Hadi leo zipo familia zinazoishi kwenye ploti ambayo ushahidi wake wote ni cheti cha hisa cha nyanya, karatasi ya kura na stakabadhi zilizofifia wino. Jina lao bado halijaingia katika rejista ya serikali. Ikiwa vitabu vya kampuni vimepotea au wakurugenzi wanagombana mahakamani, karatasi ile iliyo chini ya godoro ndiyo ushahidi pekee duniani. Hiyo ndiyo ya kutangulizwa kuingia ndani ya sefu.

Pamoja nayo ziwekwe hati za makubaliano ya kuuziana ardhi zilizoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na wazee, stakabadhi za malipo ya ploti kwa awamu, wosia, makubaliano ya kugawana mali ya marehemu, leja ya chama, mikataba ya mikopo ya watu binafsi, na barua za kazi za zamani ambazo mwajiri wake alishafunga.

Kuna sababu nyingine ya kutoegemea ofisi peke yake: ofisi nazo huungua. Tarehe 25 Juni 2025, wakati wa maandamano, Mahakama ya Kikuyu, hapa hapa katika Kaunti ya Kiambu, ilichomwa moto na kumbukumbu za mahakama zikaharibiwa. Mwenye kesi ya urithi au ya mpaka aliyekuwa na nakala zake nyumbani alikuwa na pa kuanzia. Nchini Uganda, tarehe 20 Septemba 2020, moto uliteketeza jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililokuwa na ofisi za fedha na kumbukumbu. Mafunzo ya matukio hayo mawili ni mamoja: kinachohifadhiwa mahali pamoja hupotea kwa moto mmoja.

Kwa wasio na uwezo wa kununua sefu

Watu wengi wa Ruiru na Thika ni wapangaji. Sefu ya kilo hamsini ndani ya chumba kimoja, ambacho huenda mpangaji akahama mwakani, si mpango wa kila mtu. Na bei ya sefu iliyopimwa vizuri si ndogo. Lakini zipo njia zenye gharama ya nauli na kopi tu.

Njia ya kwanza ni kubadilishana. Dada anayeishi Makongeni na kaka anayeishi Kihunguro wapeane bahasha zilizofungwa, kila mmoja akitunza nakala za mwenzake. Nakala zilizothibitishwa na wakili zina nguvu zaidi. La muhimu ni umbali. Nakala iliyo kwa jirani wa mlango wa pili, au kwenye nyumba nyingine ya ploti ileile, itaungua siku moja na ya kwanza.

Njia ya pili ni kuziweka hati asili mahali pa watu wanaofanya kazi hiyo. Zipo benki zinazotoza ada kuhifadhi hati za wateja, na wapo mawakili wanaotunza hatimiliki na wosia. Anayekabidhi apewe stakabadhi inayotaja kila hati, nayo stakabadhi hiyo isikae mahali pamoja na nakala.

Njia ya tatu ni chama. Wanachama ishirini wasioweza kila mmoja kununua sefu wanaweza kununua moja ya saa moja, wakaiweka kwa mwenye nyumba ya mawe au katika ofisi ya ushirika. Kuwe na daftari la kuingiza na kutoa, funguo mbili kwa watu wawili, na bahasha iliyotiwa sahihi na mwenyewe. Leja ya chama chenyewe, ambayo mara nyingi hulala kwenye mkoba wa mwekahazina, nayo ipate makao.

Njia ya nne ni simu iliyo mfukoni. Kila hati ipigwe picha mchana, kwenye mwanga mzuri, pande zote mbili, namba zikionekana. Picha zitumwe kwenye barua pepe ya mwenyewe au hifadhi ya intaneti yenye neno la siri. Picha iliyo ndani ya simu pekee haijahifadhiwa, kwa maana simu huungua pia, na hupotea hata bila moto. Picha za arusi, za marehemu wazazi na za watoto wakiwa wadogo zitunzwe vivyo hivyo. Hizo hazina ofisi yoyote inayoweza kuzitoa tena.

Sheria ya Kenya inaitambua nakala. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 68, inaruhusu ushahidi wa nakala pale hati asili ilipoharibika au kupotea. Nakala haigeuki kuwa hati asili, lakini ni bora mara mia kuliko kumwambia hakimu kwamba karatasi ilikuwepo.

Tahadhari moja katika njia hii ya nne. Hati za mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za kibinafsi. Anayeskani hati katika saiba ahakikishe faili zimefutwa kwenye kompyuta ile kabla ya kuondoka, na atoke kwenye barua pepe yake. Picha ya kitambulisho au hatimiliki isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la familia kubwa. Na namba za siri za benki na M-Pesa zisiandikwe kando ya kitambulisho, iwe ndani ya sefu au ndani ya simu.

Iwapo moto umekwisha kupita

Kwa familia ambayo imeshapata mkasa, ipo namna ya kuanza.

Sefu isifunguliwe siku ileile. Chuma kinaweza kuwa kimepoa nje huku ndani kukiwa na joto kali. Mlango ukifunguliwa, hewa huingia na karatasi zilizookoka zinaweza kuwaka mbele ya macho ya mwenyewe. Ingojewe hadi ipoe kabisa, hata kama ni siku nzima au zaidi.

Karatasi zilizolowa zisivutwe kwa nguvu ili kuzitenganisha. Zianikwe kivulini penye hewa. Zikiwa nyingi kiasi cha kutoweza kuanikwa haraka, ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki na kugandishwa kwenye friza, ili ukungu usiote kabla ya kupata wakati wa kuzikausha. Karatasi iliyoungua kingo isitupwe. Namba ya hatimiliki au ya cheti iliyobaki kwenye kipande kidogo huokoa wiki nyingi za kutafuta.

Kisha taarifa itolewe kituo cha polisi, iandikwe kwenye kitabu cha matukio, na mwenye nyumba apate abstrakti inayotaja hati moja moja zilizoungua. Aombe pia ripoti ya moto kutoka kwa kikosi cha zima moto kilichofika. Orodha iwe kamili tangu siku ya kwanza, kwa sababu hati iliyosahaulika itadai abstrakti nyingine.

Baada ya hapo, kitambulisho kitangulie. Karibu kila ofisi nyingine itakidai kabla ya kusikiliza. Huduma Centre ya Thika ni mahali pa kuanzia. Vyeti vya kuzaliwa vifuate, kisha vyeti vya shule kupitia mtandao wa KNEC, ambako pia mtu anaweza kuomba uthibitisho wa matokeo utumwe kwa mwajiri au chuo. Hati za ardhi zipelekwe kwa msajili wa eneo husika, na kabla ya hapo ufanywe utafutaji rasmi katika rejista ili kujua jina lililoandikwa ni la nani. Familia nyingi hugundua wakati huo kwamba shamba bado liko kwa jina la babu, na kwamba kazi ya urithi haijaanza. Ni heri kugundua hilo leo, bila moto.

Kazi ya Jumapili moja

Yote haya yanaweza kuonekana mengi. Lakini sehemu kubwa inamalizika mchana mmoja wa Jumapili, familia ikiwa nyumbani. Karatasi zote zimwagwe mezani. Zitengwe mafungu mawili: zenye ndugu ofisini na zisizo na ndugu. Kila moja ipigwe picha. Orodha iandikwe ya aina ya hati, namba yake na mahali itakapokaa. Orodha hiyo itolewe nakala, moja ibaki na moja iende kwa ndugu wa mbali. Watoto wakubwa waonyeshwe, maana wao ndio watakaozihitaji.

Mkesha wa siku hiyo, mwenye nyumba akague pia vyanzo vya moto wenyewe: mpira wa gesi uliozeeka, waya wa umeme uliounganishwa na fundi wa mtaani, soketi moja inayobeba friji, televisheni na pasi, mshumaa unaoachwa ukiwaka karibu na pazia, na jiko la makaa linaloachwa ndani usiku. Sefu bora kuliko zote ni ile ambayo haikupata kujaribiwa na moto.

Mwenye uwezo anunue sefu yenye lebo na dakika zake. Asiye na uwezo apeleke bahasha kwa dada yake juma hili. Na moto ukizuka, wote watoke nje na kubaki nje.